Amissi bin Feruzi, Aliyekwenda Tabora kwa Kinga

Amahoro, wasikilizaji wapendwa. Mlio nyumbani, mlio dukani, na ninyi wavuvi mnaoanika nyavu huku redio iko pembeni, karibuni. Leo tunamkumbuka mzee Amissi bin Feruzi, fundi cherehani wa Rumonge. Alifariki Jumanne, kitandani kwake, baada ya kula chumvi nyingi. Hakuteseka. Binti yake Mwanvua ametuambia, "Baba aliomba uji, akanywa, akasema murakoze, yaani asante, akalala."

Vijana wa Rumonge walimjua kama mzee wa kanzu. Wazee wenzake walimwita Amissi wa Kinga. Kinga, yaani baisikeli. Jina hilo alilipata zamani za Wadachi, mwaka ule reli ilipofika Tabora. Na alilipata kwa shida, wasikilizaji wapendwa.

Kwanza mfahamu jambo moja. Amissi hakuwa na miguu ya kusafiri. Utotoni funza walimla vidole. Mguu wa kulia ulibaki bila kidole hata kimoja, na wa kushoto ulibaki na viwili. Kutoka nyumbani hadi sokoni alikwenda na fimbo, na akifika alikaa. Ndiyo maana alijifunza kushona. Cherehani haimdai mtu vidole vya miguu.

Basi kiangazi kimoja, mwezi wa Rajabu ukielekea kuisha, alikuja mpagazi aitwaye Idi. Alikuwa ametoka Tabora, amekonda, midomo imepasuka. Hakukaa hata kwenye mkeka.

"Amissi, ndugu yako Hamissi iko mu munyororo."

Hamissi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa amekwenda Tabora na msafara wa mizigo. Askari mmoja alimwona sokoni, akamshika, akasema huyu ndiye aliyechoma moto ghala la vyakula la serikali kule Ujiji mwaka uliopita.

"Mwaka uliopita?" Amissi aliuliza. "Siku gani?"

Idi akaitaja. Amissi akamtazama mke wake, Zuwena. Zuwena akaweka mkono mdomoni. Siku ile ghala lilipoungua ilikuwa siku ya harusi yao. Hamissi alikuwa hapa hapa Rumonge, anapokea wageni.

"Mbona hakusema?"

"Amesema. Nani atamuamini? Bwana shauri, mukubwa wa boma, anataka ndugu yake wa tumbo moja afike mwenyewe, aape mbele yake. Ramadhani ikiandama na hakuna mtu, wanamunyonga."

Na ndugu wa tumbo moja alikuwa mmoja tu. Wazazi walikwisha fariki. Mwenye miguu mizima alihitaji mwezi na zaidi kufika Tabora. Kumbeba Amissi kwa machela kungechukua siku nyingi zaidi. Ziwani nako mitumbwi ya safari ilikuwa imezuiwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Narudia, wasikilizaji wapendwa: mtu mmoja tu aliweza kumwokoa Hamissi, na mtu huyo hakuweza kutembea.

Lakini Rumonge palikuwa na baisikeli moja. Ilikuwa ya mjomba wao Athumani, mfanyabiashara wa chumvi na nguo. Aliipanda siku moja, ikamwangusha mbele ya wateja, akaitundika darini.

Amissi alikwenda kwake asubuhi ileile.

"Wewe?" Athumani alisema. "Hata chooni unaenda na fimbo."

"Mujomba, juu ya kinga mtu anakaa. Kazi ya kukaa naiweza."

Athumani hakucheka. Alishusha baisikeli, akaipangusa vumbi kwa kanzu yake. "Uende nayo Magara, huko kaskazini, urudi nayo siku ileile, wewe mwenyewe mzima. Hapo nitakuachia. Ukishindwa, usiniombe tena. Sitaki kuzika watoto wawili wa dada yangu."

Wakaanza kujifunza. Amissi juu, Zuwena nyuma ameshika kiti, anakimbia na kanga kaifunga kiunoni. Mchanga wa ufukweni uliwashinda, magurudumu yalizama. Wakahamia kwenye njia ya wapagazi, iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu. Pale Amissi alianguka hadi watu wakachoka kumcheka. Alianguka kulia, akaanguka kushoto, akaangukia mihogo ya watu. Zuwena alimwinua, akasema neno lilelile, "Panda."

Siku moja akageuka kumwambia jambo, akamwona mkewe yuko mbali, amesimama, mikono kichwani. Alikuwa amemwachia zamani. Amissi alikuwa anakwenda peke yake. Alishtuka, akaanguka tena, lakini safari hii aliinuka anacheka.

Shida ya pili ilikuwa mguu. Mguu usio na vidole uliteleza kwenye pedali, goti likagonga chuma. Fundi akarudi kwenye ufundi wake. Alishona kiatu cha ngozi ya ng'ombe, akakifunga kwenye pedali kwa kamba. Kikashika vizuri mno: kinga ilipoinama, mguu ulikataa kutoka, wakaanguka pamoja kama mume na mke. Akakifumua. Akakishona upya, mbele kimefungwa, nyuma kiko wazi kama kandambili. Mguu ukaingia, ukatoka. Hapo ndipo safari ilipoanza kuonekana.

Kila asubuhi alikwenda kijiji cha Kigwena na kurudi, chini ya michikichi, amebeba mfuko wa mchanga nyuma badala ya mzigo. Mapaja yalimuwaka. Jioni Zuwena alimkanda kwa mawese ya moto. Mawese hayo hayo aliyatia kwenye mnyororo wa kinga, nao ukanasa mchanga wote wa njia, ukalia kama fisi. Akaufuta wote, akawa anaugusa kidogo tu kwa unyoya wa kuku. Miiba ikatoboa mipira. Akajifunza kuziba kwa utomvu wa mti wa mpira. Alifungua gurudumu, akalirudisha. Akalifungua tena, Zuwena akalirudisha. Ndagala, dagaa wa ziwani, walikaushwa, unga wa muhogo ukakaangwa, vyote vikaingia kwenye mfuko ulioonekana wazi kwamba hautoshi.

"Utakula nini huko mbele?" Zuwena alimuuliza.

"Huko mbele kuna watu."

Mwezi wa Shaabani ulipoandama akaenda Magara. Athumani alikaa barazani tangu asubuhi. Hakuuza chumvi. Jua likapinda, hajaonekana mtu. Wateja wakaja, akawaambia duka limefungwa, na mlango uko wazi. Zuwena alikaa upande wa pili wa njia.

Alasiri wakasikia kelele za watu kutoka kaskazini. Amissi akatokea, vumbi hadi kwenye kope, na kwenye kiti cha nyuma wamefungwa samaki aliopewa na wavuvi wa Magara. Mpira ulikuwa umepasuka mara mbili njiani, akauziba mara mbili. Athumani aligeuza uso ukutani. Alipogeuka tena, macho yake yalikuwa mekundu.

"Chukua," alisema. "Mlete mutoto wetu."

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, akaondoka.

Safari yenyewe mzee hakupenda kuisimulia kwa urefu. Alisema milima ya kusini aliipanda akiisukuma kinga kwa kifua, ameiegemea badala ya fimbo, na mguu ukatoa damu. Alisema mto Malagarasi aliuvuka kwa mtumbwi, kinga imelala mapajani mwake kama mgonjwa. Palipokuwa na kijiji alikula, palipokuwa pakavu alivumilia. Mpira wa nyuma ulipokufa kabisa aliujaza majani makavu, akaendelea. Alisema, "Nilikuwa naogopa mwezi tu. Kila jioni niliutazama."

Aliingia boma la Tabora Shaabani ikiwa ukingoni. Wafungwa walikuwa wanafagia uwanja, mnyororo shingoni. Mmoja aliinua kichwa, akaangusha ufagio.

"Kaka!" Hamissi alipiga kelele. "Miguu yako! Umefikaje?"

Bwana shauri aliwahoji mbalimbali, kila mmoja peke yake. Amissi aliapa kwa Msahafu kwamba siku ghala lilipoungua Hamissi alikuwa Rumonge, harusini kwake. Kisha akaulizwa: siku ile ya harusi, kulitokea jambo gani? Amissi akasema ng'ombe wa karamu alikata kamba, akakimbilia ziwani, na Hamissi akamfuata akiogelea na nguo za sikukuu. Akatolewa nje. Akaingizwa Hamissi, akaulizwa swali lilelile. Hamissi, na mnyororo wake shingoni, akaanza kucheka. Akasimulia ng'ombe yuleyule, kamba ileile, na nguo zilivyoharibika. Askari aliyemshika akaulizwa kama bado ana hakika. Akatazama chini. Akasema sura zinafanana.

Siku ile ile mnyororo ulifunguliwa. Mzee Amissi alisema hakufurahi kwanza. Alilala. Alilala pale chini ya ukuta wa boma, kichwa kwenye paja la ndugu yake, na Hamissi akamfukuzia nzi hadi jua likazama.

Ramadhani waliifunga Tabora, mguu ukapona. Walirudi polepole, mmoja amepanda, mmoja ameshika kiti. Zuwena alikuwa anatwanga. Mwanvua anakumbuka maneno ya mama yake: "Niliona watu wawili. Nikahesabu tena. Wawili. Mwichi ukanitoka, nikakaa chini kabisa, nikasema Alhamdulillahi, sasa nitapata usingizi."

Wasikilizaji wapendwa, Zuwena ametangulia miaka kadhaa sasa. Hamissi yupo. Nilimkuta msibani Rumonge, amekaa karibu na mlango, haoni vizuri. Nilimpa pole. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Unasikia kelele hiyo ya watu?" aliniuliza. Nyumba ilikuwa imejaa hadi uani. "Hao ni watoto wangu, na wajukuu wangu, na watoto wa wajukuu. Ndio waliobeba jeneza lake. Kama kaka angebaki kwenye cherehani yake, leo jeneza lingebebwa na nani?"

Kwa mzee Hamissi, kwa Mwanvua na nduguze, kwa jamaa wote wa Rumonge na Kigwena, tunasema pole nyingi. Mwenyezi Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikiliza, tafakari: yuko ndugu mahali fulani ambaye hakuna mwingine wa kumfikia ila wewe. Usiitazame miguu yako. Anza kujifunza njia.