Esperance Kabibi, Aliyeukataa Mkeka

Ndugu, majirani na Wakristo wenzetu, amahoro. Familia imenituma mimi Mulamba, shemeji yake, niwasomee maisha ya Esperance Kabibi, nami nitasoma yote, hata yale ambayo wengine mngependa niyaruke.

Kabibi alizaliwa Baraka, ng'ambo ya ziwa, tarehe 14 Mei 1944, akavushwa hadi Rumonge angali mgongoni, akaanza shule ya misheni mwaka 1951, akaiacha mwaka 1957 baada ya homa ya viungo kumharibu moyo, na tangu hapo akalazwa mkekani, akakatazwa kuchota maji, kufagia, hata kucheka sana, maana kwetu mgonjwa wa moyo hutunzwa kama yai.

Tarehe 1 Julai 1962, siku ya Uhuru wa Burundi, mji mzima ulipotoka kwenda kwenye ngoma, naye alitoka kwa miguu yake, mama yake akimfuata huku analia, akarudi mzima, akasema kama nchi imeamka, yeye halali tena.

Mwaka 1965 aliolewa na kaka yangu, Hyacinthe Lukeba, ingawa mashangazi walinung'unika kwamba kaka anaoa kaburi, wakajaliwa mtoto wao Bora mwaka 1967. Kabibi alianika na kuuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, na Ramazani, muforoma, yaani muuguzi, wa dispanseri, alipomfundisha kutembea polepole na kupumzika kabla pumzi haijakata, yeye Kabibi naye aliwaamsha vijana wengine wenye moyo mbovu, akina Swedi na Biasha, wakawa wanatembea kila asubuhi kando ya ziwa, watu wakiwaita msafara wa marehemu. Lo, msafara huo umewazika wengi waliowacheka!

Januari mwaka huu homa ilirudi, moyo ukachoka, akafariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Aprili 1972. Tangu jana nasikia minong'ono kwamba matembezi ndiyo yaliyomuua, na Biasha amesharudishwa mkekani. Uongo mtupu! Daktari aliyempima utotoni alisema hatafika miaka ishirini, akafika ishirini na saba, akazaa, akafanya biashara. Mama Biasha, tunakuomba, mwache mtoto asimame.

Tunawashukuru daktari, Ramazani, majirani na wanawake wa ndagala, murakoze sana.

Najua desturi haimruhusu mgonjwa kugusa sanduku, lakini Kabibi mwenyewe aliagiza, na Lukeba amekubali: Swedi na wenzake ndio watakaombeba, kwa zamu, wakipumzika njiani, na mwenye haraka atangulie makaburini akatungoje. Shemeji, pumzika kwa amani.