Sifaeli Thomasi Akyoo, Aliyetunza Uwanja wa Ndege za Kale Nduruma

Sifaeli Thomasi Akyoo aliingia duniani tarehe 14 Februari 1953 huko Nkoaranga, mtoto wa nne wa Mzee Thomasi na Mama Ndeshi. Alizaliwa mzito kuliko ndugu zake wote, na uzito huo hakuupunguza hadi uzeeni. Ukoo wa Akyoo wanadai ni damu yao. Sisi mashemeji, ambao tumepewa kuandika wasifu huu kwa sababu ya mwandiko wetu mzuri, tunajua ni mtori wa dada yetu Lydia.

Alisoma shule ya msingi palepale nyumbani, akamaliza darasa la saba mwaka 1969 na kupata kipaimara mwaka huohuo. Hesabu zilimpiga chenga, ila kwenye kwaya sauti yake ya besi ilikuwa ikitikisa vioo vya kanisa. Baada ya hapo alifanya kazi katika mashamba ya kahawa, na tarehe 9 Septemba 1978 akafunga ndoa na Lydia wa Tengeru. Alikuja kuposa amevaa koti la kuazima, tukaliona, tukanyamaza. Mtu mwenye haya kiasi kile hafai kunyimwa mke.

Mwaka 1988 aliajiriwa na Kapteni Philemoni, rubani mstaafu, Mchaga wa Marangu aliyekuwa akiishi Sekei. Kapteni alikuwa na ugonjwa wa kupenda ndege kuukuu. Alikuwa amepata eneo tambarare Nduruma, akalisafisha, akajenga banda la mabati, na humo akaweka ndege ya njano yenye mabawa ya juu na ya chini, iliyovalishwa turubai, ambayo injini yake haiwaki mpaka mtu azungushe pangaboi kwa mkono. Ndege za namna hiyo hazipendi lami. Zinataka nyasi fupi. Kazi ya Sifaeli ilikuwa kuzitunza hizo nyasi.

Sasa, mwambieni mtu wa mlimani, aliyelelewa kwenye kihamba, shamba la ukoo ambako mgomba na kahawa vinagombania hata kivuli, akalinde ardhi pana isiyo na jiwe wala kisiki, asiiguse. Kapteni alisafiri masika ya mwaka 1989. Aliporudi na ndege yake alikuta katikati ya uwanja maharage yamechanua. Akazunguka juu, akazunguka tena, na Sifaeli chini anampungia mikono kwa furaha, akidhani anapongezwa. Kapteni akashukia pembeni, akatoka na majani yamejisokota kwenye magurudumu.

"Sifaeli, umenipandia maharage sebuleni."

"Kapteni, ardhi ilikuwa imekaa bure."

"Haikukaa bure. Ilikuwa inanisubiri mimi."

Maharage yaling'olewa yakiwa na maua yake, na dada yetu alilia kama aliyefiwa. Lakini kuanzia siku ile hakutokea mlinzi mkali kama Sifaeli. Alifukuza ng'ombe, alifukuza waliotaka kulima vitunguu, akafukuza hata mbuzi wa mama mkwe wake, ambaye ni mama yetu mzazi. Kikao kilikaa, akaomba radhi kwa adabu zote, na wiki iliyofuata akawafukuza tena.

Uwanja ukapata jina. Kila Julai ndege za kale zilikuwa zikija hata kutoka Nairobi, nyingine zimezidi umri wa uhuru wetu, zikapangwa mstari, na watu wa Nduruma wakauza nyama choma na ndizi. Mfuko wa kuonyesha upepo ulishonwa na Lydia kwa kitenge chake mwenyewe. Ni uwanja gani mwingine duniani umevaa kitenge? Tungeni orodha, tutasubiri.

Kapteni alifariki mwaka 2016. Watoto wake, wanaoishi ng'ambo, walimwandikishia Sifaeli uwanja ule uwe mali yake. Ndege ya njano ilikuwa imechoka, turubai limeoza, ikapelekwa Nairobi kutengenezwa. Miaka ikapita hakuna kilichoshuka pale zaidi ya kunguru. Madalali wakaanza kuja na maneno matamu ya viwanja vya nyumba, na Calvin, mtoto wake wa kiume, akawasikiliza. Alikuwa na hoja, tusimwonee.

"Baba, tunafyekea nani nyasi?"

"Anayekuja."

"Nani anakuja?"

"Ningemjua ningempikia."

Mzee alikataa kuuza, akaendelea kufyeka.

Februari mwaka huu wa 2025 moyo wake ulianza kuchoka, na kufikia Aprili alikuwa amelazwa. Masika nayo ikafanya kazi yake: nyasi zikafika kiunoni. Hapo ndipo Sia, mjukuu wa Kapteni, ambaye naye amesomea urubani, alipopiga simu. Ndege ya njano imepona, anairudisha katikati ya Mei, akauliza kama babu Sifaeli bado ana mahali pa kushuka. Sifaeli akamjibu kwamba papo. Kisha akakata simu, akamtazama Calvin.

Calvin alichukua fyekeo. Yeye ni mtu wa ofisini, viganja vikachubuka siku ya kwanza. Jioni moja alirudi hospitali akiwa hoi, baba yake akamuuliza amefika wapi.

"Nimefika mwisho, baba."

"Mwisho upi? Uwanja una miwili."

Akarudi kesho yake kufyeka upande wa pili.

Sifaeli alifariki Jumanne tarehe 13 Mei, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lydia. Wengine walishauri Sia aambiwe asije kwa kuwa kuna msiba. Calvin akasema aje. Juzi Alhamisi ndege ilitokeza chini ya mawingu ya Meru, ikashuka kwenye nyasi fupi bila kudunda hata mara moja, na Calvin akasimama pale akalia mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu baba yake afumbe macho.

Marehemu ameacha mjane, Lydia, watoto watatu, Catherine, Calvin na Lilian, wajukuu, na uwanja. Kuhusu uwanja, Calvin ameomba iandikwe hapa, mbele ya ukoo na madalali waliokuja kutoa pole, kwamba hauuzwi. Tumeandika. Na nakala zimechapwa nyingi, Calvin mpwa wetu; ukibadili nia hutaweza kuzikusanya zote.

Mungu akupe pumziko jema, shemeji yetu.