Chungu Changu Atakivunja Fenglian

Zima hiyo simu, Deshun. Nimekuona ukiiegemeza kwenye chupa ya chai, unadhani kwa kuwa nimelala chali basi na macho yangu yameshatangulia kaburini. Zima. Usiigeuze uso ukutani ukaniambia umezima, nimeishi na hicho kidude miaka, tabia zake nazijua kuliko ninavyozijua za mkeo. Mpe baba yako mdogo. Pokea, Mzee Chengwu, ikalie. Ikalie kabisa, shemeji, hayo matako yako leo yamepata kazi. Haya. Sasa sogeeni wote hapa kitandani, na wewe Fenglian uliyesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuulizia njia, ingia ndani, binti yangu, hii ni nyumba uliyozaliwa. Nina maneno ya kuwaachia na pumzi ya kuyasemea si nyingi, kwa hiyo asinikatize mtu.

Siku nikitolewa humu ndani, chungu changu atakivunja Fenglian.

Ndiyo, mmesikia. Qiaoyun, funga mdomo, baridi inaingia. Tangu niolewe kijiji hiki sijaona jeneza likiinuka kabla mtoto wa kiume hajanyanyua kile chungu walichochomea karatasi za marehemu na kukipasua kizingitini, na kila mtu hapa anajua kwamba mkono unaokipasua ndio wenye nyumba. Sijaona binti akikipasua, tena binti aliyeolewa kijiji kingine. Basi mtaona kwangu. Umekohoa, Mzee Chengwu, nimekusikia, wewe ndiye unayeongoza mazishi yetu na hili halijawahi kukupitia mkononi. Kohoa unavyotaka, lakini siku hiyo chungu utampa Fenglian. Na sababu naisema sasa hivi, nikiwa na akili zangu, asije mtu akasema bibi kizee alikuwa anaweweseka.

Deshun, wewe ulikuwa fundi. Nalisema mbele ya dada yako, maana yeye ndiye aliyeacha shule akaenda kushona glavu kiwandani ili wewe usome, ukasoma, ukarudi nyumbani, na hakuna aliyekulaumu kwa sababu ulirudi ukashika kisu cha baba yako. Ulikuwa unakata kijiti cha mpeari huu, unakipandikiza kwenye shina la mpeari ule, kinashika kama kimezaliwa pale pale. Watu walitoka ng'ambo ya mto kukufuata, wanakungoja uani wanamaliza karanga zangu, "Fundi Deshun yuko wapi, Fundi Deshun anarudi saa ngapi," na wewe ukirudi unanuka utomvu, unakaa unakula mikate ya mvuke na vitunguu vibichi kama mtu ambaye tumbo ni lake mwenyewe. Mtu akikusifu ulikuwa unatazama viatu. Nilikuwa napenda sana vile ulivyotazama viatu.

Kikaja hicho kidude. Mwanzo ulisema unauzia mapeari tu, nikasema sawa. Baadaye kisu kikaingia kutu kule stoo, na wewe ukawa kila jioni unahesabu mioyo, ile midogo myekundu inayopanda kwenye kioo cha simu. Watu ambao sijui wanakaa wapi, sijui wana pua au hawana, wakikurushia mioyo mingi unacheka na mkeo, wakikurushia michache unasukuma bakuli hujala. Mmoja alikuandikia kwamba una masikio kama ya punda, ukajifungia ndani mpaka siku ya pili, mwanaume mzima na ndevu zako! Yale masikio ni ya baba yako. Niliyapenda kabla sijaipenda sura yake. Mtu asiye na jina akasema neno, na neno lake likawa zito kuliko langu mimi niliyekuzaa nayo.

Qiaoyun, usinune, na wewe nina lako. Uliletwa humu ndani una mashavu mekundu ya upepo wa shambani, kijiji kizima kikasema Deshun ameokota bahati. Simu ikakutengenezea uso mwingine, mweupe kama tofu, kidevu kimechongoka kama cha panya, na wewe ukaupenda ule ukauchukia wako, mpaka kioo cha harusi yako ukakigeuza kikatazama ukuta. Nani alikwambia una ubaya? Nitajie jina lake. Huna jina la kunitajia.

Niinueni kidogo. Hapo. Hapo panatosha.

Sasa ile habari yenyewe. Mwaka ule mapeari yalikuwa mengi, Deshun akaja akaniambia, "Mama, watu wananunua kwa huruma siku hizi, si kwa utamu." Akanivua koti la pamba alilonishonea Fenglian, akanivika lile koti bovu kama gunia tulilokuwa tunafunikia jiwe la kusagia soya, akaniketisha kwenye baridi mbele ya rundo la mapeari. Na tena mapeari hayakuwa yetu. Yetu yalikwisha mapema, yale aliyaleta na gari kutoka ghala la barafu la watu, mengine yameoza moyo, na mimi nikakaa mbele yake kama mama aliyeyazaa. Akawasha taa zake, akawasha simu, akakaa karibu yangu akanishika mkono. Jamani. Huyu mtoto alikuwa hajanishika mkono tangu tumzike baba yake. Nawaambieni ukweli, nilianza kuzingojea zile taa. Nilikuwa nakaa nazingojea ziwake, kwa sababu zikizimika tu na mkono wake unaondoka, anageuka anahesabu mioyo, na mimi nimebaki na vidole vyangu.

Inatetemeka chini yako, shemeji? Iache itetemeke. Atakayekuwa na shida na sisi atakuja kwa miguu.

Siku hiyo akaniambia, "Mama, hebu tusimulie siku ya mwisho ya baba." Nikasimulia. Nikasema alivyoomba maji ya dengu, alivyokunywa akasema matamu, alivyogeuka ukutani akanyamaza. Nikalia. Sikuigiza, nilimlilia mume wangu kama ninavyomlilia nikiwa peke yangu nikipeta maharage. Nikaona Qiaoyun kule nyuma ya simu anarukaruka kwa furaha, nikasema huyu naye ana nini, mama mkwe wake analia yeye anacheka. Kumbe mioyo ilikuwa inamwagika.

Mimi sijui kusoma. Nyinyi mnajua, Deshun alijua vizuri kuliko wote. Akaja Mzee Chengwu na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaniambia, "Shemeji, hivi unajua wamekuandika nini hapo chini ya kidevu?" Nikamwambia wameandika bei ya mapeari, wataandika nini kingine. Akasema, "Laiti ingekuwa bei." Akanisomea. Yameandikwa kwamba mama huyu ana binti mmoja tu, binti amemtupa, tangu afiwe na mume hajamletea hata bakuli la uji, msaidieni auze matunda yake apate kula. Machozi ya mume wangu, Deshun! Ukayachukua yakiwa bado ya moto, ukayaandika jina la dada yako.

Dada yako aliyekuwa anapanda basi kila siku ya gulio kuja kunikata kucha za miguu. Ningezikata vipi hizi kucha mimi nisiyeweza kuinama, uliwahi kujiuliza?

Nao wakamtafuta. Hao hao wenye huruma, hao waliolia na mimi, wakamtafuta mpaka wakaipata shule alikokuwa anapikia watoto, wakapiga simu, wakapiga, wakapiga, mwalimu mkuu akamwambia, "Dada Fenglian, kaa nyumbani kwanza, mambo yapoe." Hayajapoa mpaka leo. Mlango wake wakaumwagia rangi nyekundu, mama mkwe wake akamuuliza mbele za wageni kama na yeye atatupwa. Fenglian akaja hapa kwako, Deshun, nilikuwa dirishani, nikasikia unavyomjibu. "Vumilia, dada, ni biashara tu, wiki ijayo watakuwa wamesahau." Ukamtolea katoni ya mapeari abebe. Mapeari ya ghala!

Na alipoingia kwangu hakuketi. Aliniuliza neno moja. "Mama, ulinililia mimi vile?" Nikamwambia nilimlilia baba yako. Akasema, "Nimekuona kwa macho yangu, Mama." Akaondoka, na siku za gulio zikaanza kupita bila mtu. Hicho ndicho kinachonichoma, kuliko rangi ya mlangoni, kuliko kazi ya shule. Nilikuwa nimesimama mbele yake na uso wangu huu wa siku zote, na mwanangu akauamini ule wa kwenye simu. Fenglian, nitazame. Njoo karibu, macho yangu yana ukungu, lakini yako ni mazima, nitazame. Sikukulilia. Sikukulaani. Hakuna siku nilisema umenitupa, wala kwa mtu, wala kwa paka. Haya nakwambia bila taa.

Lia, mwanangu. Hakuna anayehesabu.

Na msidhani ni ya zamani tu. Juzi mmekaa uani, Deshun na mkeo, mkadhani nimelala. Qiaoyun anasema mazishi yafanyike asubuhi, jua likiwa upande wa lango ili simu ione vizuri, na aitwe yule mwanamke wa mjini anayelia kwa kukodiwa, maana sauti yake inatoka vizuri. Deshun anasema, "Wakati wa kupasua chungu nitapasua polepole, waone uso wangu." Polepole! Chungu kinapasuliwa kwa pigo moja, kikawa vipande vipande, ili maiti aondoke asitazame nyuma. Wewe unataka nikae kwenye jeneza ningojee uso wako upendeze! Hapo ndipo nilipotuma mtu aende kumwita dada yako. Mkono huo hautanyanyua chungu changu. Haunyanyui.

Maji. Kidogo tu.

Haya, ya kugawana. Nyumba ni ya Fenglian, nusu ya mashariki na hiki kitanda; akitaka akae, akitaka afunge. Nusu nyingine ni yenu nyinyi wawili, siwafukuzi, nina uchungu lakini sijawa mnyama. Miti yote ya mapeari ni ya Deshun. Usinishukuru, sijakupa zawadi, nimekupa kazi. Imeota matawi ya ovyo, inalia kisu. Kisu kinoe. Qiaoyun, ile bangili ya fedha ni yako, lakini uivae ukienda kisimani na sokoni, kwenye mkono wa kweli, watu wenye majina wakuambie imekupendeza. Jeneza lisisindikizwe na simu hata moja. Asiletwe mtu wa kukodi. Kama hamna machozi, nyamazeni, nitaelewa.

Sasa, Deshun. Umekaa umeinamisha kichwa. Mwambie dada yako. Si mimi, yeye. Unaongea na maelfu kuanzia uji mpaka chakula cha jioni, mdomo haukauki, leo una dada mmoja hapa umbali wa mkono na ulimi umekufa? Mwite.

...Umesema nini? Kwa sauti.

"Nilidanganya, dada."

Basi. Naam. Limetoka, na paa halijaanguka.

Lakini halijatosha, mwanangu. Uongo wako ulikwenda kila nyumba, na ukweli utakwenda kila nyumba, kwa miguu yako. Usiupeleke kwenye simu, huko watakupa mioyo, utaanza kuupenda. Nenda mlango kwa mlango, kijiji hiki, kisha shuleni kwa yule mwalimu, kisha kwa mama mkwe wake. Useme, "Dada yangu hakumtupa mama, mimi ndiye nilisema uongo." Hivyo hivyo, usiongeze nakshi. Ukimaliza milango yote, siku hiyo uje kaburini unisalimie. Kabla ya hapo usije.

Nisogezeeni... hapo. Nawaombea. Mpate watu wa kuwajua kwa sauti ya viatu. Mkiumwa... awepo wa kuwapasha moto maji. Fenglian, mikono yako isikose kazi, wala watoto wa kuwalisha. Deshun, miti ikushike. Ikukubali tena. Qiaoyun... uwe mzuri. Uwe mzuri hivyo hivyo.

Nenda sasa, Deshun. Nikiwa bado nasikia. Anzia hapo kwa Mzee Chengwu, mkewe ni kiziwi, itabidi upaze sauti... ndiyo maana nakwambia uanzie hapo. Fungueni dirisha. Baridi na iingie.

Ametoka?... Nasikia lango. Mbwa wao anabweka. Anabisha... mama wa watu hasikii, bisha tena, mwanangu, bisha kwa ngumi.

Amefunguliwa.

Nyamazeni humu. Nyamazeni wote... haya, sema... sema sasa...