Kigari cha Mkunga

Mkunga alikuwa ndani ya basi, akienda kuchukua kigari chake gereji. Juzi alihama njia akampamia mwendesha pikipiki ambaye vioo havikumwonyesha. Bahati njema, huyo wa pikipiki alitoka na michubuko tu. Jirani yake kitini, dereva mstaafu wa lori, aliposimuliwa kisa hicho aliguna.

"Kiuze, binti yangu. Ufupi huo na kigari hicho haviivani."

"Siuzi, baba. Uchungu wa kuzaa haungoji basi. Nitakalia mto, vioo nitavisukuma nje zaidi, na kabla ya kuhama njia nitageuka nitazame. Kwani lori lako lilikuwa linaona kila upande?"

"Nilikuwa na utingo wa kunitazamia nyuma."

"Basi utingo wangu ni shingo hii."

"Itateguka!"

"Iteguke, watu wapite salama."

Basi lilisimama mbele ya gereji. Mkunga akashuka, mzee bado anabisha dirishani.