Dakta Bado na Sindano Iliyotoka Kavu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki ya damu, Dakta Bado anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa sisi wauguzi. Wengine tukishafunga faili na kuwaza chai, yeye husema bado, hajaelewa. Na ole wako umwambie kwamba mgonjwa amechoka kwa sababu ya uzee! Utafundishwa papo hapo kuwa uzee ni umri, si jibu.

Alianza peke yake na hadubini moja yenye mguu mbovu. Leo anaacha maabara kamili na madaktari aliowafundisha mwenyewe, wote wabishi kama yeye.

Mimi nina sababu yangu ya kuandika. Baba yangu, fundi seremala, alifika mahali akishika randa tu, amechoka. Akila matonge mawili, ameshiba. Mama akanuna, akidhani mapishi yake yamemkinaisha. Kila tulikokwenda tuliambiwa ni uzee. Baba naye akakubali, akawa anajiita mvivu. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwishowe nikamleta kwenye kliniki yetu. Dakta Bado alimpapasa ubavu wa kushoto, akakuta bandama imevimba hadi inabana tumbo, chakula kinakosa nafasi. Kwenye hadubini, chembe nyekundu za damu zilichongoka kama matone ya machozi. Akataka uboho, ule urojo wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, uvutwe kutoka mfupa wa nyonga. Mwenzake akavuta, wapi! Sindano ikatoka kavu. Akaomba radhi, akidhani amekosea mahali. Dakta Bado akafurahi waziwazi, kisha akakumbuka kuwa mgonjwa yuko macho, akamwomba baba samahani kwa furaha ile. Akatueleza kuwa uboho ukijaa makovu, mara nyingi hauvutiki. Wakachukua kipande kidogo cha mfupa, na kweli, makovu yakaonekana.

Hakutudanganya kwamba dawa ingemponya. Alisema ingepunguza uvimbe na kumpa nafuu. Baba alisikiliza yote, halafu akasema kumbe yeye si mvivu, akalia mbele yetu sote.

Tulikaa naye miaka minne zaidi, akimaliza sahani yake na kumtania mama. Daktari, wenzako tunakushukuru, na tunakuombea afya njema na usingizi wa kutosha huko uendako. Mimi nakushukuru kwa sababu baba yangu alituaga bila kujionea aibu.