Dakika Nne za Fundi Saa

Benchi la kijiweni lina miguu mitatu na tofali, na upande wa tofali hukaa Fundi Saa, maana yeye peke yake anajua kutulia. Meza yake ya kazi iko hatua mbili tu kutoka hapo, lakini leo kaifunika kitambaa. Tangu arudi hospitali ameshikilia kikombe cha kahawa bila kunywa, na pamba bado imebandikwa mkononi. Ini lake linamsumbua mwaka wa kumi na moja huu, na sasa limeonekana na kivimbe ambacho hakijulikani ni cha nini. Anaogopa, basi.

Breki, dereva wa lori mstaafu, ndiye aliyeanza.

— Wamekupasua?

— Wapi! Wamezima taa, wakanipaka ule ute wa baridi tumboni, wakanidunga mapovu kwenye mshipa.

— Mapovu ya sabuni?

— Madogo mno, hayaonekani kwa macho. Yanakwenda na damu mpaka kwenye ini, ndiyo yanang'aa kwenye kioo cha mashine. Hata kivimbe kikawaka.

Profesa, muuza magazeti anayeyasoma yote kabla ya kuyauza, akakunja la mkononi.

— Halafu yanaenda wapi?

— Daktari kasema yanatoka kwa pumzi.

Breki akajisogeza mpaka mwisho wa benchi.

— Usinipumulie, bwana.

— Yameshaisha, Breki.

— Umejuaje? Hicho kivimbe kama kimewaka, basi kilikuwa macho. Kinakusubiri.

— Na kinatusikia, Profesa akasema kwa sauti ya chini. Miaka yote hiyo ukila, kinakula. Ukilala, chenyewe hakilali.

Fundi Saa akajikuta ameweka kiganja chini ya mbavu za kulia, kama mzazi anayemziba mtoto masikio.

Mama mmoja mgeni alikuwa amesimama mezani na saa ya kiume ndani ya leso. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, baba. Kiliwaka kabla ya ini lenyewe?

— Daktari kasema sekunde ya kumi na tano. Ini likafuata.

— Cha mume wangu nacho kiliwahi hivyohivyo. Tukaambiwa tungoje: kikibaki kinang'aa pamoja na ini, afadhali. Kikififia peke yake, kikaacha doa jeusi, hiyo huwa ni kansa. Chako kilififia?

Fundi Saa akakiweka kikombe chini. Daktari alimwambia atazame kioo. Lakini aliposikia tu "kimewaka," mazoea ya miaka thelathini yakamshika, akageukia saa yake ya mkononi, mishale iking'aa gizani. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

— Nilikuwa natazama saa, akasema.

— Na daktari je? Profesa akauliza.

— Alikuwa anaongea. Dakika ya tatu akanyamaza. Mwisho akaniambia kesho nije na mke wangu.

Breki akamgeukia yule mama.

— Na cha mumeo, kilififia?

Mama akaifungua leso, akaiweka saa mezani. Ilikuwa imesimama.

— Hii ilikuwa yake. Itengeneze taratibu tu, baba, sina haraka nayo.

Akaondoka. Breki akarudi kukaa karibu na tofali, bega kwa bega na mwenzake. Fundi Saa akashusha pumzi ndefu, na safari hii hakuna aliyesogea.