Bi Kwanini, Aliyewatoa Nyuki Kwenye Magitaa

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, fundi mkuu wa magitaa wa karakana yetu anastaafu tarehe 30 Juni. Ana majina yake matatu kamili kama watu wote, lakini sisi tunamwita Bi Kwanini, naye huitika bila kinyongo. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, alipommiminia meneja wa wakati ule maswali mpaka mzee wa watu akavua miwani na kusema, "Dada, umekuja kuajiriwa au kunihoji?"

Hakuja kwetu kama mwanamuziki. Alikulia katika duka la baba yake la kutengeneza cherehani, na hadi leo anashikilia kwamba cherehani na gitaa ni ndugu wa baba mmoja: vyote vina uzi uliokazwa, na uzi ukikazwa vibaya, vyote hulalamika. Aliajiriwa kwa majaribio upande wa vinanda. Siku moja akapita kwenye mlango wa magitaa, akasikia gitaa la umeme likikwaruza, akasimama kusikiliza. Kwenye vinanda hakurudi tena.

Kwa wasioijua kazi hii, tueleze kidogo. Mpiga gitaa hupenda nyuzi zikae chini, karibu kabisa na shingo, ili vidole visichoke kuzibana. Lakini shingoni kuna freti, yale mataruma membamba ya chuma. Uzi ukishushwa mno, unapotikisika hugonga freti na kutoa mlio wa kukwaruza ambao sisi tunauita nyuki. Ukiuinua uzi, nyuki anakimbia, ila vidole vinaumia. Mafundi wengi huishia katikati na kumwambia mteja azoee. Bi Kwanini hakuridhika na katikati. Alitaka kujua nyuki anaingilia wapi.

Kuna mteja aliyekuwa akiturudishia gitaa lake kila mara. Karakanani lilitoa sauti safi. Likifika nyumbani, lina nyuki. Baadhi yetu tulianza kuyatilia shaka masikio yake. Bi Kwanini akachukua mkoba, akamfuata kwake. Akamketisha sebuleni, akamwomba apige sauti moja baada ya nyingine, huku yeye akizunguka chumba kwa magoti. Mama mkwe wa mteja alisimama mlangoni akidhani mgeni amepoteza hereni. Mwishowe Bi Kwanini akafungua kabati la vyombo, akagusa kifuniko cha bakuli la kioo kwa kidole, na nyuki akanyamaza papo hapo. "Gitaa lako halina neno," akamwambia mteja. "Ila mama ana bakuli linalojua kuitikia." Mama mkwe alicheka mpaka akatafuta kiti.

Habari ambayo mimi, mhudumu wa mapokezi, siwezi kuisimulia kwa utani ni ya kaka yangu.

Kaka alikuwa mpiga gitaa wa bendi. Gitaa ndilo lililomlisha, na ndilo lililomfurahisha. Kisha akapigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi. Mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, ulirudi nusu. Asubuhi moja akaingia mapokezini na gitaa lake la umeme likiwa ndani ya mfuko, akaliweka mbele yangu bila kunitazama usoni.

"Mdogo wangu, nitafutie mnunuzi. Likikaa nyumbani linaniumiza macho."

Bi Kwanini alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, akasimama.

"Kwa nini unaliuza?"

"Vidole havina nguvu."

"Havina kabisa, au vina kiasi?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Wote tulikuwa tumemwambia pole tu. Bi Kwanini akamnyooshea kidole chake. "Kibane." Kaka akakibana kwa vile vidole vyake vizito, jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Basi vipo," akasema Bi Kwanini. "Niachie hilo gitaa."

Halikuwa jambo jepesi. Vidole dhaifu vinahitaji nyuzi nyembamba, laini, zilizolala chini. Lakini uzi mwembamba hutikisika kwa upana zaidi, na nyuki hawataki zaidi ya hapo. Kila alichorekebisha huku kilimharibikia kule. Alizungusha ile fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo, akaiacha shingo ipinde kidogo sana katikati ili nyuzi zipate pa kupumulia. Akapaka wino kwenye migongo ya freti, akapitisha juu yake msasa uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka, akatazama wino unafutika wapi kwanza. Hapo ndipo freti ilipowazidi wenzake kimo. Akazisawazisha, akazirudishia mviringo kwa tupa, akazing'arisha mpaka zikawa kama vijiko vipya. Kisha akazishusha nyuzi kuliko alivyowahi kuzishusha katika gitaa lolote.

Alipozidonoa yeye, zililia safi. Kaka alipozipiga, nyuki wakajaa chumba kizima.

Kaka akalilaza gitaa mezani taratibu. "Dada, nakushukuru. Umejitahidi." Sauti ile niliijua. Ndiyo aliyoitumia alipotaka kuacha mazoezi ya kutembea, ikabidi mama amlilie.

Bi Kwanini hakuitikia shukrani. Alikuwa akiutazama mkono wa kaka wa kulia, ule mzima. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Piga tena." Kaka akapiga, kwa kunifurahisha mimi. "Kwa nini unazipiga kwa hasira hivyo?"

Hapo kaka akapandwa na hasira. "Nimeleta gitaa litengenezwe! Sikujileta mimi!"

Mafundi wakashika bisibisi zao hewani.

"Sasa nikikutenga wewe na gitaa," Bi Kwanini akasema bila kupandisha sauti, "nitakuwa namtengenezea nani?"

Akamweleza alichokiona. Tangu mkono wa kushoto udhoofike, wa kulia ulikuwa unajaribu kufanya kazi ya yote miwili, ukizichapa nyuzi kama mtu anayegonga mlango ambao haufunguliwi. Akausogeza mkono huo karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, ambako uzi hautikisiki sana. Akapandisha sauti ya amplifaya, ile mashine ya kukuza mlio wa gitaa. "Piga kana kwamba chumba cha pili amelala mtoto."

Kaka akapiga. Sauti ikatoka nzima, tulivu, bila nyuki hata mmoja. Akapiga ya pili. Kidole cha pete kikateleza, akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Halafu akapiga wimbo mzima, polepole, ule aliokuwa akimpigia shemeji yangu kabla hawajaoana. Mimi nilijifanya natafuta kitu chini ya dawati.

Kwenye bendi hakurudi. Jukwaa lilikuwa limeuzidi mwili wake. Lakini gitaa halikuuzwa, na jirani zake wanaweza kushuhudia.

Tangu hapo ikawa sheria upande wa magitaa: hakuna skrubu inayoguswa kabla mwenye gitaa hajaketi akapiga, fundi akamtazama mikono yote miwili. Meneja alihofu kwamba wateja watachoshwa. Walichofanya ni kuleta na ndugu zao. Mafundi wote waliojifunza kwake wanaendelea hivyo, pamoja na desturi yake ya kulilaza gitaa chumbani siku nzima kabla halijarudishwa, hasa msimu wa mvua, maana mbao hunywa unyevu na kubadili mawazo.

Hatutasema hana dosari. Chai yake tumeikuta juu ya amplifaya za wateja zaidi ya tunavyotaka kukumbuka. Na bisibisi akiiazima, huwa yake kuanzia siku hiyo.

Jambo moja limetushangaza hata sisi. Bi Kwanini hajui kupiga gitaa. Anajua kudonoa uzi mmoja mmoja na kusikiliza, basi. Juzi tukapata habari kwamba amejiandikisha darasa la wanaoanza, atakaa na watoto wa shule ya msingi. Meneja alipomuuliza imekuwaje, alijibu: "Miaka yote nawashushia watu nyuzi. Sasa nataka kujua kwa nini walikuwa wanazitaka hivyo."

Asante, dada yetu, kwa mikono yako, kwa subira yako, na kwa kila swali lililotuchosha na kutufaa. Vidole vikikuuma wiki za mwanzo, tafadhali usikimbilie bisibisi: nyuzi hazina kosa, ni ugeni tu. Tunakuombea afya, siku zenye utulivu, na miaka mingi ya kupiga.